Waya wa shaba, chumvi ya Uvinza: umeme una wabebaji wawili

Umeme ukipita kwenye waya wa shaba kwa miaka ishirini, waya unabaki shaba. Ukipita kwenye maji ya chumvi kwa dakika kumi, maji hayo hayabaki yalivyokuwa: upande mmoja inatoka haidrojeni, upande wa pili klorini, na maji yenyewe yameanza kugeuka dawa ya kung'arishia nguo. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kuliko ule mstari wanaokariri wanafunzi wa kidato cha tatu, kwamba metali hupitisha umeme zikiwa yabisi na kampaundi za ioni hupitisha zikiwa zimeyeyuka kwa moto au majini. Mstari ni wa kweli. Ila ukiushika peke yake huwezi kueleza kwa nini waya wa sola kwenye mtumbwi wa dagaa unaliwa upande wa chanya tu, au kwa nini erthi ya nyumba ya Tabora, ile nondo ya usalama iliyopigwa ardhini, inadhoofika mwezi Oktoba.

Kinachotembea ndani ya shaba ni elektroni. Kila atomu ya shaba inaachia elektroni moja hivi, na elektroni hizo ni mali ya kipande kizima. Atomu hazihami, zinatikisika tu mahali pake. Waya wa milimita ya mraba moja ukibeba ampea moja, elektroni zinasogea wastani wa milimita 0.07 kwa sekunde, yaani robo ya mita na kidogo tu kwa saa nzima. Taa inawaka papo hapo kwa sababu waya wote tayari umejaa elektroni, na msukumo wa umeme unazifikia zote karibu kwa wakati mmoja.

Ndani ya chumvi hakuna elektroni za namna hiyo. Sodiamu imeshatoa elektroni yake moja, klorini imeipokea, na kila mmoja sasa ni ioni yenye chaji. Kwenye fuwele kila ioni ya sodiamu imezungukwa na ioni 6 za kloridi, na kila kloridi imezungukwa na sodiamu 6. Chaji zipo tele, lakini kila moja imebanwa na jirani zake. Ili umeme upite lazima ioni yenyewe, atomu nzima yenye uzito wake, ihame. Hilo linawezekana ukiivunja ile fuwele, kwa joto la nyuzi 801 za Selsiasi, au kwa maji.

Inapofika mwisho wa safari, kwenye ncha ya waya, ioni haiwezi kuingia ndani ya shaba na kuendelea. Na elektroni ya waya haiwezi kuogelea kwenye maji. Lazima wakabidhiane mzigo pale mpakani, na makabidhiano hayo ni badiliko la kikemia: kitu kinapokea elektroni na kugeuka kitu kingine, upande wa pili kitu kinapoteza elektroni. Hakuna mkondo wa moja kwa moja unaoweza kuendelea kupita kwenye maji ya chumvi bila kulipa gharama hiyo.

Jaribio la kikombe, na pale linapoharibika

Chumvi ya mawe ya Uvinza inafaa sana kwa jaribio hili. Inatoka kwenye chemchemi za maji chumvi karibu na pale Mto Ruchugi unapoingia Malagarasi, na watu wa magharibi mwa Tanzania waliijua na kuiuza mbali kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914. Unahitaji pia betri 4 ndogo za tochi kwenye kikasha chake, zitoe volti 6, kitaa chekundu cha LED, rezista ya ohm 220, waya mwembamba, na vijiti viwili vya kaboni kutoka kwenye betri kubwa za tochi za bei ya chini zilizokwisha. Zile za alikalini usizifungue, hazina kijiti cha kaboni na ndani yake kuna uji unaounguza ngozi. Za simu wala usiziguse kwa bisibisi. Vijiti vikishatoka, visugue kwa msasa, vichemshe kidogo kuondoa nta na weusi, vikaushe.

Unga LED na rezista kwa mfuatano, acha ncha mbili wazi. Gusa ncha hizo kwa msumari: LED inawaka vizuri, mkondo ukiwa karibu miliampea 19. Sasa gusa kwa chumvi kavu. Haitawaka, mradi chumvi ni kavu kweli. Hapa ndipo majaribio mengi ya masika yanapoharibika. Chumvi ya kawaida inaanza kufyonza mvuke hewani unyevu ukizidi asilimia 75, na chumvi isiyosafishwa sana ina kloridi ya magnesiamu inayofyonza mapema zaidi. Chumvi iliyokaa wazi Kigoma mwezi wa Machi ina utando wa maji juu ya kila punje, na LED inaweza kuwaka hafifu, mwalimu akabaki hana la kusema mbele ya darasa. Kaanga chumvi kwenye sufuria kavu dakika kumi au zaidi, ukiigeuza, iache ipoe kwenye chombo chenye mfuniko, kisha uijaribu mara moja.

Koroga kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye maji mililita 200. Tumbukiza vijiti sentimita 4 ndani ya maji, vikiwa mbali sentimita 3 hivi. LED inawaka, ila mwanga wake ni mdogo kuliko wa msumari. Wengi husema ni kwa sababu maji ya chumvi yana ukinzani mkubwa. Hapana. Kwa vipimo hivyo ukinzani wa maji yenyewe ni ohm chache tu, hauna uzito mbele ya ohm 220 za rezista. Kinachokula umeme ni yale makabidhiano: kupata haidrojeni upande mmoja na klorini upande mwingine kunahitaji takriban volti 2, iwe mkondo ni mdogo au mkubwa. Toa volti 2 za kemia na karibu 1.8 za LED kwenye volti 6, zinabaki 2 na kidogo za kusukuma mkondo kwenye rezista, ndiyo miliampea 9 au 10.

Kutokana na hesabu hiyo utaelewa kosa linalorudiwa sana. Mtu anatumia betri mbili badala ya nne. Volti 3 hazitoshi kulipia kemia na LED pamoja, taa haiwaki, anaandika kwenye daftari kwamba maji ya chumvi hayapitishi umeme. Msumari hauna kizingiti cha namna hiyo: ukiupa volti ndogo utapitisha mkondo mdogo, ukiongeza volti mkondo unaongezeka kwa kiwango kile kile. Ni kipimo kizuri cha kutofautisha wabebaji hawa wawili, na sijui kwa nini hakifundishwi zaidi. Toa LED na rezista, weka mita kwenye ampea, tumia betri moja tu ya volti 1.5 kwenye maji ya chumvi. Mshale au tarakimu zinaruka juu kidogo kisha zinaporomoka karibu na sifuri. Ioni zilikimbilia kwenye vijiti, zikajipanga, zikakosa nguvu ya kukabidhi. Ongeza betri ya pili iwe volti 3, na mapovu yanaanza.

Kwa kuona kinachotokea kwenye kila ncha, chemsha choya, chuja, changanya rangi yake kwenye maji ya chumvi, mimina kwenye sahani nyeupe. Laza vijiti pande mbili za sahani, sentimita 8 hivi kati yao, tumia volti 6 bila LED, na usitikise. Kando ya kijiti cha hasi rangi nyekundu inageuka kijani, kwa sababu maji yamepasuliwa, haidrojeni imepanda, na yaliyobaki pale ni soda kali. Kando ya kijiti cha chanya rangi inafifia hadi kupotea, kazi ya klorini. Fanya hivi nje au barazani, dakika 5 hadi 10 zinatosha, na usiinamie kunusa. Umeme wa ukutani usiuguse kabisa kwa jaribio lolote la maji. Betri zinatosha kila kitu kilichoandikwa hapa.

Angalizo kuhusu vijiti: ukiweka waya wa shaba badala ya kaboni, jaribio linakuwa lingine. Shaba ya upande wa chanya inaanza kuyeyuka yenyewe, maji yanajaa matope ya njano na kijani, na klorini huioni. Misumari inatoa matope ya kutu. Watu wanaolalamika kwamba chumvi ni chafu, mara nyingi uchafu ni elektrodi zao.

Sodiamu yenyewe huwezi kuipata kwenye kikombe, kwa kuwa maji hupokea elektroni kwa urahisi zaidi kuliko ioni ya sodiamu. Humphry Davy aliipata London mwaka 1807 kwa kupitisha umeme kwenye soda kali iliyoyeyushwa kwa moto, bila maji ya kuingilia. Viwandani leo huyeyusha chumvi ya kawaida na kuichanganya na kloridi ya kalsiamu ili iyeyuke kwenye nyuzi 600 hivi badala ya 801. Jiko la mkaa halifai kwa kujaribu hilo, na chumvi za risasi zinazotajwa kwenye baadhi ya vitabu kwa sababu zinayeyuka kwenye joto dogo zina mvuke wenye sumu. Hiyo ni kazi ya maabara yenye kabati la kutolea moshi.

Joto linawatenganisha

Pasha moto waya, ukinzani unapanda. Pasha moto maji ya chumvi, ukinzani unashuka. Ukitaka jaribio moja tu la kutambua nani anabeba umeme ndani ya kitu, chukua hilo.

Shaba hupanda kwa asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja, kwa kuwa atomu zinazotikisika zaidi zinazitawanya elektroni zaidi. Nyaya za shaba za milimita ya mraba 2.5, zikienda mita 30 na kurudi, zina ohm 0.41 kwenye nyuzi 20. Zipitishe juu ya dari, chini ya mabati ya Tabora saa nane mchana, zifikie nyuzi 60, na ohm zinakuwa 0.48. Kwa mkondo wa ampea 10 umepoteza karibu volti 5 badala ya 4. Kwa umeme wa volti 230 hutaona. Kwa sola ya volti 12 pampu inakataa. Balbu ya zamani ya uzi inaonyesha jambo hili vizuri zaidi: ya wati 60 kwa volti 230 inapowaka ina karibu ohm 880, lakini ukiipima baridi kwa mita unapata ohm 60 na kitu. Uzi ni ule ule, moto ndio tofauti.

Maji ya chumvi huongeza upitishaji kwa takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi, maana maji ya moto ni mepesi na ioni zinapita kwa urahisi. Kutoka nyuzi 20 hadi 60 upitishaji unakaribia kuwa maradufu. Hata hivyo usidhani yatashindana na shaba. Maji yaliyoshiba chumvi kabisa yanapitisha umeme takriban mara milioni mbili na nusu chini ya shaba ya ukubwa ule ule. Chumvi iliyoyeyuka kwa moto inayazidi maji hayo zaidi ya mara kumi, na bado iko mbali sana na metali.

Usijaribu kupima mambo haya kwa kuweka mita kwenye ohm na kuchovya ncha zake. Tarakimu zitapanda bila kutulia, na ukibadilisha ncha zinasoma kingine. Mita inatuma mkondo mdogo wa moja kwa moja, ioni zinajikusanya kwenye ncha, na unachosoma ni msongamano wa pale mpakani. Vifaa vya kupimia upitishaji wa maji hutumia mkondo wa kwenda na kurudi, mara nyingi kama mara 1,000 kwa sekunde, ili ioni zisipate muda wa kujipanga. Kwa kifaa cha namna hiyo maji ya Ziwa Tanganyika husoma kati ya mikrosimensi 600 na 700 kwa sentimita. Ni maji baridi ya kunywa, hayana ladha ya chumvi, lakini yana magnesiamu, sodiamu na bikaboneti za kutosha kubeba umeme, na kula chuma.

Ziwani

Mtumbwi wa dagaa wenye taa za LED una njia zote mbili za umeme kwenye hatua chache: waya, betri ya risasi na asidi, na maji yanayovuja chini.

Ndani ya betri, bamba za risasi hupitisha elektroni na asidi hupitisha ioni. Asidi ya betri iliyojaa ina uzito wa mara 1.265 hadi 1.28 ya maji, ukiipima kwa haidromita. Ikishuka kuelekea 1.12 betri imekwisha, kwa sababu salfeti imetoka kwenye maji ikakaa kwenye bamba. Hapo watu huongeza asidi wakidhani imepungua nguvu. Asidi haijapotea, imejificha kwenye bamba, na itarudi ukichaji. Ukiongeza nyingine, baada ya kuchaji utakuwa na asidi kali kupita kiasi, na asidi kali zaidi si mpitishaji bora zaidi: kilele cha upitishaji kiko karibu na asilimia 30 kwa uzito, ukipita hapo maji hayatoshi kuzitenganisha ioni na upitishaji unashuka, huku bamba zikiharibika. Kinachopotea kwa kawaida ni maji. Rudisha maji yaliyosafishwa tu, hadi alama, baada ya kuchaji. Maji ya ziwa yanapitisha umeme, ndiyo, lakini yanaleta kloridi inayoshambulia risasi ya upande wa chanya, na madini yanayobaki humo daima. Si kila ioni inaifaa betri, inahitaji zile zake.

Waya sasa. Kebo ya chanya ikichubuka pale inapolala kwenye maji ya chini ya mtumbwi, mkondo mdogo unavuja kwenda hasi kupitia majini. Huusikii, taa zinawaka kama kawaida. Lakini kila elektroni mbili zinazotoka pale kwenye mchubuko zinaacha nyuma ioni moja ya shaba inayoingia majini. Ampea moja kwa saa moja inakula gramu 1.2 hivi za shaba. Uvujaji wa miliampea 10 kwa saa 1,000 unakula karibu gramu 12, wakati mita nzima ya shaba ya milimita ya mraba 2.5 ina gramu 22. Na kwa kuwa ulaji wote uko kwenye mchubuko mmoja, waya unakatika pale mapema sana, ukiwa na unga wa kijani. Waya wa hasi wa umri ule ule unabaki mzima. Kwa hiyo ukikuta kijani, usikate na kuunga tena hapo hapo. Inua njia ya waya iwe juu ya maji, tumia kebo yenye ganda mara mbili, weka fyuzi karibu na betri, na swichi ikate upande wa chanya, ili mtumbwi ukiwa umeegeshwa kusiwe na volti yoyote inayogusa maji.

Hata bila betri maji yanatosha. Funga brasi na alumini pamoja ziwani na umetengeneza betri: elektroni zinapita ndani ya metali, ioni zinafunga mzunguko kupitia majini, na alumini ndiyo inayoliwa. Injini za boti hubeba kipande cha metali inayoliwa upesi zaidi, ili kiliwe badala yake. Kwa maji baridi kama ya Tanganyika kinachofaa ni cha magnesiamu au alumini maalumu, kwa kuwa zinki hujifunika utando na kuacha kufanya kazi. Kibadilishe kikibaki nusu. Na kisipakwe rangi, tafadhali; rangi inazuia ioni, kipande kinabaki kipya, na injini inaliwa.

Kuzuia ioni ndiko kulikoisaidia meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika, ambayo zamani ilikuwa ya Wajerumani. Walipoizamisha wenyewe mwaka 1916, mafundi walipaka injini zake grisi nene. Ilipoibuliwa mwaka 1924 baada ya miaka minane majini, injini zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Grisi haikuongeza ugumu wowote kwenye chuma. Iliweka ukuta ambao maji, oksijeni na ioni havikuvuka, na bila ioni kutu haina mzunguko wa kukamilisha.

Ardhini ni vivyo hivyo. Udongo haubebi umeme kwa elektroni. Unabeba kwa maji yaliyo kati ya punje zake, yenye chumvi zilizoyeyuka. Udongo wa kichanga wa sehemu nyingi za Tabora hushika maji kidogo, na kuanzia Juni hadi Oktoba tabaka la juu linakauka kabisa. Chumvi zake bado zipo, ila zimekuwa kama ile chumvi iliyokaangwa kwenye sufuria. Nondo fupi ya erthi iliyosomeka vizuri Februari inaweza kuwa karibu bure Septemba. Kumwaga chumvi na mkaa kuzunguka nondo kunasaidia kwa muda: chumvi inaongeza ioni, mkaa unashika unyevu. Mvua zinakuja zinaisafirisha chumvi, na iliyobaki inakula nondo. Afadhali kwenda chini. Ukiongeza urefu wa nondo mara mbili ukinzani unashuka kwa takriban asilimia 40 kwenye udongo wa aina moja, na kwa Tabora faida ni kubwa zaidi kwa sababu ncha inafika kwenye unyevu usiokauka. Kukiwa na mwamba, piga nondo mbili zilizotengana angalau kwa urefu wa moja, uziunge kwa shaba, na ujaze bentonaiti, udongo wa mfinyanzi unaoshika maji, kuzunguka. Kisha umwite fundi aje na kipimo cha erthi mwanzoni mwa Oktoba kabla ya mvua. Kipimo cha masika kinakupa namba nzuri ya wakati ambao udongo wenyewe umelowa.